Maumbile ya moyo na sifa za kabila: Ituri mbele ya wachunguzi wa tabia

Kila mtu wa Bunia amekwisha kusikia neno hili sokoni, ndani ya gari, na pengine hata mbele ya mlango wa kanisa: «Usishangae, watu wa kabila lile ndivyo walivyo.» Mwenye kulisema hafikiri kwamba anatukana. Anadhani anataja jambo linalojulikana na wote, kama mtu anavyosema pilipili ni kali. Lakini neno hilo lina historia, nayo ni ndefu kuliko tunavyodhani. Katika makala hii tutauliza limetoka wapi, na wenye elimu ya nafsi, ndiyo saikolojia, wamelipima namna gani. Tutaona kwamba wengi waliopita katika Ituri walidhani wanaandika tabia za watu, kumbe waliandika namna walivyopokelewa, au namna walivyotaka kutawala. Tena tutaona kwamba elimu yenyewe, ilipokomaa, ilikataa kuwa shahidi wa neno lile.

I. Maneno matatu ya kutenganisha

Mara nyingi tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni maumbile ya moyo, maana yake yale ambayo mtoto anazaliwa nayo. Mama aliyezaa watoto watano anayajua bila kitabu: mmoja alilia kwa nguvu tangu siku ya kwanza, wa pili alilala kimya, wa tatu aliogopa kila mgeni. Wote walinyonya ziwa moja.

La pili ni tabia. Tabia ni yale maumbile yakiisha kupita katika malezi, mazoea, shule, mateso na mapenzi ya mtu mwenyewe. Maumbile ni udongo, tabia ni chungu. Udongo mmoja waweza kutoa vyungu vya namna nyingi, ingawa mfinyanzi hawezi kufanya lolote analotaka na udongo wowote.

La tatu ni mwenendo, ndiyo matendo yanayoonekana leo, pahali hapa, mbele ya mtu huyu. Mtu mpole anaweza kupiga kelele siku moja, na mtu mkali anaweza kunyamaza mbele ya hakimu. Mwenendo ndio peke yake unaoonekana kwa macho. Maumbile na tabia hatuvioni, ila tunavikisia kutokana na mwenendo. Hapo ndipo kosa linapoingia: mtu anaona tendo moja la watu wachache, naye anakisia maumbile ya kabila zima.

II. Kutoka nyongo mpaka hesabu

Wa kwanza waliojaribu kupanga maumbile ya watu kwa utaratibu walikuwa Wagiriki. Waganga wa shule ya Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, walifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Baadaye Galenus wa Pergamo, mganga wa karne ya 2, na waliomfuata walifunga maji hayo na namna nne za watu: mchangamfu, mtulivu, mwenye hasira ya haraka, na mwenye huzuni. Mafundisho hayo yalikaa katika shule za Ulaya na za Waarabu zaidi ya miaka elfu moja. Juu ya maji ya mwili walikosea. Lakini waliona jambo moja la kweli: watu wa nyumba moja na mji mmoja hawana moyo mmoja.

Mwanzo wa karne ya 20, Waholanzi wawili wa Groningen, Heymans na Wiersma, waliacha kubahatisha wakaanza kuhesabu. Waliandikia waganga wa Uholanzi, wakawaomba waeleze, kwa maswali yaliyopangwa, tabia za watu wa jamaa wanazozijua. Walipata habari za watu zaidi ya 2,000. Mfaransa René Le Senne alijenga juu ya kazi hiyo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1945. Yeye alitumia vipimo vitatu: mtu anaguswa upesi au polepole, anapenda kutenda au anasita, jambo likimpata linapita mara moja au linakaa moyoni siku nyingi. Kutoka vipimo vitatu alipata namna nane za watu. Walezi wengi wanaosoma Kifaransa walimjua Le Senne, sababu mafundisho yake yalikuwa rahisi kutumia.

Wamarekani walishika njia nyingine. Mwaka 1936 Allport na Odbert walichambua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakatoa maneno karibu 18,000 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwenzake. Waliowafuata walipunguza maneno hayo kwa hesabu, wakitafuta yapi yanakwenda pamoja. Mwaka 1961 Tupes na Christal, waliokuwa wakichunguza askari wa jeshi la anga la Marekani, walipata mafungu makubwa matano. Baada ya kusahihishwa na wengine, mafungu hayo yanatajwa hivi: uchangamfu kati ya watu, upole na kupatana, uangalifu katika kazi, wasiwasi wa moyo, na hamu ya mambo mapya. Mtu hawekwi ndani ya fungu moja kama mbuzi ndani ya zizi. Kila mtu ana kadiri yake katika kila moja ya mafungu matano, kama vile kila mtu ana urefu na uzito.

Wataalamu walilinganisha pia mapacha wanaofanana kabisa na mapacha wasiofanana. Waliona kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia kati ya watu inaelekea kutoka katika urithi wa damu. Nusu nyingine inatoka katika maisha. Tafadhali msomaji aangalie vizuri: hesabu hiyo inasema juu ya mtu na mtu. Haisemi neno lolote juu ya kabila na kabila.

Kisha, mwaka 1968, Walter Mischel alitoa onyo kubwa. Alionyesha kwamba kipimo cha tabia kinatabiri kidogo tu tendo la mtu katika pahali fulani, sababu hali inayomzunguka mtu ina nguvu nyingi. Walibishana miaka mingi. Mwishoni wengi walikubali pande zote mbili: tabia ipo, inaonekana tukifuata matendo mengi ya mtu kwa muda mrefu, lakini tendo moja laweza kutoka katika hali kuliko kutoka katika tabia.

Tuchukue sasa onyo hilo turudi nalo nyumbani.

III. Mazamboni, mkali na rafiki

Mwezi wa Desemba 1887 Stanley alitoka katika msitu wa Ituri, akafika kwenye nyanda za juu magharibi ya Ziwa Albert. Alikuwa anamtafuta Emin Pasha. Alikuwa na watu wenye njaa na bunduki. Katika nchi ya Undussuma, chifu Mazamboni na watu wake walimzuia, na vita vikatokea, na nyumba zikachomwa. Kama mtu angemwuliza Stanley siku ile tabia ya watu wa Mazamboni, angejibu nini? Angejibu: ni wakali.

Mwezi wa Aprili 1888 Stanley alirudi katika nchi ile ile. Safari hii walizungumza. Mazamboni alifanya amani na wageni, wakafunga urafiki wa damu, akaleta chakula, akawa msaada wao mkubwa katika miezi iliyofuata. Stanley mwenyewe aliandika mambo hayo yote katika kitabu chake cha mwaka 1890.

Kati ya Desemba na Aprili kuna miezi minne. Moyo wa taifa haugeuki katika miezi minne. Kilichogeuka ni hali: mara ya kwanza watu waliona jeshi lisilojulikana likiingia mashambani mwao, mara ya pili waliwajua watu wale na kuwapima. Mischel angelitaka mfano mzuri kuliko huu, asingeliupata kwa urahisi.

IV. Kalamu ya watawala

Wageni wengine hawakungoja miezi minne. Walikuja na mafundisho yao tayari. Mwaka 1863 Speke, aliyepita katika falme za maziwa makuu, aliandika kwamba wafugaji watawala wa nchi hizo walitoka kaskazini, wakiwa watu wa ukoo mwingine na wa akili nyingine kuliko wakulima. Mwaka 1930 Mwingereza Seligman alitia wazo hilo katika kitabu cha shule juu ya makabila ya Afrika. Kadiri ya mafundisho hayo, kila jambo zuri katika Afrika lililetwa na watu walioitwa Wahamu. Leo wanahistoria wamekwisha kulikataa wazo hilo. Lakini wakati ule maofisa na wamisionari wengi walilisoma kama ukweli.

Katika Ituri wazo hilo lilipata watu wa kuvikwa. Wahema ni wafugaji, nao walielezwa kuwa werevu, wenye adabu, waliozaliwa kutawala. Walendu ni wakulima, nao walielezwa kuwa wakali, wagumu, wasiopenda amri. Wabelgiji waliweka Walendu wengi chini ya machifu Wahema. Mwaka 1911 chifu Mhema Bomera aliuawa na Walendu. Baadaye serikali iliwatenganisha watu, kila upande na machifu wake na mipaka yake. Hivyo mipaka ya kabila, iliyokuwa inapitika kwa ndoa, biashara na ujirani, ilichorwa kwenye karata na kuandikwa katika vitabu vya serikali.

Matokeo yake yalikuwa kama unabii unaojitimiza wenyewe. Waliosemwa kuwa werevu walipata nafasi nyingi zaidi shuleni, katika ofisi, na katika usimamizi wa mashamba makubwa na machimbo. Baada ya miaka arobaini mtu angeweza kuonyesha kidole na kusema: «Tazama, kweli ni werevu.» Na wale walionyimwa nafasi walikuwa na sababu ya kukasirika. Mtu angeweza kusema tena: «Tazama, kweli ni wakali.» Hakuna aliyepima moyo wa mtu hata mmoja.

Jambo moja lingetosha kuwafungua macho. Wahema wa kaskazini, wanaoitwa pia Wagegere, wanasema Kilendu. Wahema wa kusini wanasema Kihema, lugha iliyo jirani na Kinyoro cha Uganda. Kama maumbile yanakwenda na kabila, na kabila linakwenda na lugha, Wagegere tuwaweke wapi?

Wakati ule ule saikolojia iliingia katika Afrika ya wakoloni kwa jina lake yenyewe. Huko Nairobi mganga Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika mwaka 1951 akilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wa mbele. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Alichukua yale aliyoyaona zaidi kwa wagonjwa na wafungwa, akayatandaza juu ya bara zima.

Katika Kongo ya Wabelgiji, profesa André Ombredane wa Bruxelles alifanya kazi ya uangalifu kuliko hiyo. Kule Marekani, tangu mwaka 1935, Morgan na Murray walikuwa wamezoea kumwonyesha mtu picha isiyo wazi na kumwomba asimulie hadithi, kusudi hadithi ifunue yaliyo moyoni mwake. Ombredane aliona kwamba picha za Wazungu hazifai kwa Wakongo, akatengeneza picha nyingine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954. Lakini jina la kitabu lenyewe lasema kwamba anachunguza fikira za «weusi wa Kongo», kana kwamba Mlega, Mzande, Mpende na Mlendu wana moyo mmoja. Tena kuna swali ambalo picha haiwezi kujibu: mkulima anayesimulia hadithi mbele ya Mzungu wa mwaka 1950 anafunua moyo wake, au anafunua namna anavyojilinda mbele ya Mzungu?

Ombredane na wenzake wenyewe waligundua jambo la maana katika jaribio jingine, lile la kujaza michoro. Waliwapa Waasalampasu wa Kasai jaribio lile lile zaidi ya mara moja, na matokeo yakaongezeka kwa kuzoea. Jambo linaloongezeka kwa kuzoea si maumbile yasiyobadilika. Laiti wengine wangelisoma ukurasa ule vizuri.

V. Mtu mmoja, mataifa mawili

Msitu wetu nao ulipata wachunguzi wake. Padri Paul Schebesta alifika kwa Wambuti mwaka 1929 akarudi mara kadhaa. Mwingereza Colin Turnbull alikaa Epulu katika miaka ya 1950, na mwaka 1961 alitangaza kitabu kilichopendwa sana duniani. Ndani yake Wambuti ni watu wapole, wenye furaha, wenye kupatana, wanaoupenda msitu kama mzazi.

Turnbull huyo huyo, katika miaka ya 1965 mpaka 1967, alikaa kwa Waik, kaskazini mashariki ya Uganda. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinawaeleza Waik kuwa watu wasio na huruma, wanaocheka mtu akianguka, wanaoacha wazee na watoto kufa. Wasomaji walishtuka. Lakini Waik wa miaka ile walikuwa na njaa kali. Mwaka 1985 Bernd Heine, Mjerumani aliyejua lugha yao, alitangaza kwamba Waik aliowaona hawafanani na wale wa kitabu. Na mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliopima ukarimu wa Waik kwa mchezo wa kugawa fedha: hawakuwa wachoyo kuliko watu wa pahali pengine.

Basi, tusiseme Turnbull alikuwa mwongo. Aliandika aliyoyaona. Lakini aliona mwenendo wa watu waliokufa njaa, akauita tabia ya taifa. Na je, sifa njema alizowapa Wambuti? Hata sifa njema ni mzigo zikiwekwa juu ya kabila zima. Mambuti mwenye hasira, au anayetaka kuacha msitu na kusoma Bunia, anahesabiwa kuwa si Mambuti wa kweli.

Waliokuja baadaye walipunguza maneno makubwa wakazidisha kuangalia. Katika miaka ya 1980 Tronick, Morelli na Winn walifuata watoto wachanga wa Waefe, Wambuti wa upande wa Walese, wakiandika saa kwa saa nani amembeba mtoto. Mwaka 1987 walieleza kwamba mtoto wa wiki 3 alikuwa mikononi mwa watu wengine, si ya mama yake, asilimia 39 ya wakati. Akiwa na wiki 18, asilimia 60. Wengi wa Ulaya walifundisha kwamba mtoto anahitaji mikono ya mtu mmoja tu kusudi moyo wake ukae imara. Waefe waliwaonyesha njia nyingine ya kulea. Hapo Ituri haikupimwa kwa kipimo cha wengine, bali ilisahihisha kipimo chenyewe.

VI. Je, kuna maumbile mabaya?

Kuna uchunguzi mmoja wa Afrika ya Mashariki ambao kila mlezi angefaa kuujua. Katika miaka ya 1970 mganga Marten deVries alipima maumbile ya watoto wachanga 47 wa Wamasai. Alichagua 10 waliokuwa watulivu na rahisi kulea, na 10 waliokuwa wagumu, wenye kulia sana. Ukame mkali ukaja, ng'ombe wakafa, jamaa zikatawanyika. Aliporudi alipata jamaa 7 za watoto watulivu na jamaa 6 za watoto wagumu. Kati ya watulivu 7, watoto 5 walikuwa wamekufa. Kati ya wagumu 6, alikufa 1 tu.

Idadi ni ndogo, nasi tusijenge nyumba kubwa juu yake. Lakini maana yake inaeleweka: pale penye njaa, mtoto anayelia ndiye anayenyonyeshwa. Maumbile ambayo mama wa mjini anayaita taabu, katika ukame yanaweza kuwa wokovu. Maumbile si mabaya wala mazuri yenyewe. Yanafaa au hayafai kadiri ya hali.

Robert Edgerton naye, katika kitabu cha mwaka 1971, alilinganisha Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Katika kila kabila alichagua wakulima na wafugaji. Aliona kwamba hata ndani ya kabila moja wafugaji walielekea kuonyesha hasira yao waziwazi, na wakulima walielekea kuificha. Hakusema kabila si kitu. Katika hesabu zake kabila nalo lilikuwa na nguvu. Lakini alionyesha kwamba kazi, ardhi na ujirani vinafinyanga watu. Mfugaji mwenye ugomvi anaweza kuhama na ng'ombe wake. Mkulima hawezi kuhamisha shamba, lazima akae na jirani yake, na kwa hiyo anajifunza kumeza neno.

VII. Neno lilipopata silaha

Mwezi wa Juni 1999 vita vilianza katika Djugu, juu ya mashamba. Hatusemi kwamba maneno juu ya tabia yalileta vita peke yake. Kulikuwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliyowafaa wenye kusoma na wenye mali. Kulikuwa na dhahabu. Kulikuwa na jeshi la Uganda na viongozi waliogawa bunduki. Lakini bunduki inahitaji neno la kuituma. Neno lilikuwa tayari: hawa ni wenye kiburi tangu kuzaliwa, wale ni wauaji tangu kuzaliwa. Likiisha kukubaliwa, mtoto mchanga wa upande ule anahesabiwa kuwa adui.

Mpaka mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa katika Ituri. Mwezi wa Mei 2003 Bunia iligawanyika kartye kwa kartye. Mapadri wawili waliuawa katika parokia ya Nyakasanza, pamoja na watu waliokimbilia pale. Mwezi wa Juni askari wa Ulaya waliingia mjini, baada ya azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 30 Mei. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuingiza vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Katika kesi hiyo mwanasaikolojia Elisabeth Schauer alikuwa ameitwa mwaka 2009 aeleze jinsi vita vinavyoharibu nafsi ya mtoto.

Mwaka 2007 Bayer na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya watoto 169 wa Uganda na wa Kongo waliokuwa askari zamani. Zaidi ya theluthi moja, asilimia 34.9, walikuwa na dalili nzito za majeraha ya moyo: ndoto za kutisha, kushtuka, kukimbia kila kumbukumbu. Na wale waliokuwa na dalili nyingi zaidi ndio waliokuwa na kiu ya kisasi zaidi, na hamu ndogo ya kupatana. Watu wanaomwona kijana wa namna hiyo wanasema: ana moyo mbaya. Uchunguzi unasema: moyo wake una kidonda. Kidonda kinaweza kutibiwa.

Na neno lenyewe, «ndivyo walivyo»? Mwaka 2005 Terracciano, McCrae na wenzao wengi walilipima katika nchi na mataifa 49. Waliwaomba watu karibu 4,000 waeleze tabia ya mtu wa taifa lao. Kisha walilinganisha majibu hayo na vipimo vya tabia za watu mmoja mmoja wa mataifa hayo hayo. Mambo mawili hayakupatana. Picha ambayo taifa linajichorea lenyewe haikufanana na watu wake. Wataalamu wengine walibisha juu ya namna ya kupima, nao ubishi huo ni wa haki. Lakini hesabu za kazi kama hiyo zinaonyesha jambo lile lile: tofauti kati ya watu wa taifa moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya taifa na taifa.

Hata yale mafungu matano hayakubali kila pahali. Mwaka 2013 Gurven na wenzake waliwapima watu 632 wa Watsimane katika misitu ya Bolivia, na mafungu matano hayakuonekana. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamechunguza pia maneno ya Kiswahili chenyewe, wakakuta kwamba hakina vivumishi vingi vya tabia kama Kiingereza. Sisi tunasema mtu ni «mwenye haya», «mwenye moyo mzito», «mtu wa watu». Kila lugha inamwangalia mtu kwa dirisha lake.

VIII. Tufundishwe nini

Vita vilirudi katika Ituri tangu Desemba 2017, na waliokimbia makwao bado ni wengi. Kwa hiyo mambo haya si ya darasani tu. Tunaweza kushika mafundisho matatu.

La kwanza: tukitaka kujua tabia ya mtu, tumwangalie yeye mwenyewe, kwa siku nyingi, katika hali mbalimbali. Mlezi anayemsoma mwanafunzi kwa jina la ukoo wake hajamsoma. Mwaka 2008 Roma ilitoa maagizo juu ya kutumia saikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari. Yanasema kwamba mtaalamu anaweza kusaidia, lakini kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, tena hukumu ya mwisho ni kazi ya walezi. Maana yake ni kwamba mtu anajulikana mmoja mmoja, na kwa heshima.

La pili: tukiona tendo baya la wengi, tuulize kwanza juu ya hali kabla ya kutaja damu. Njaa iko? Shamba limechukuliwa? Nani amegawa silaha? Watu wa Mazamboni hawakubadilika maumbile kati ya Desemba na Aprili.

La tatu: maumbile si udhuru. Mwenye hasira ya haraka hakuchagua udongo wake, lakini anaweza kuchagua chungu. Na kama hatumruhusu mtu mmoja kujificha nyuma ya maumbile yake, tusiruhusu pia kabila zima lifungwe ndani ya sifa ambayo hakuna aliyeipima. Siku nyingine tukisikia «ndivyo walivyo», tuulize tu kwa upole: nani kati yao? Umemjua siku ngapi?